Anga la Korongo

Upepo wa Njombe ulianza kuvuma asubuhi ile Blandina Luvanda akiwa katikati ya ngazi, amebeba sinia la uji na viazi vitamu, na mlango wa ndege ukajifunga mbele ya pua yake.

"Abiria wapendwa," sauti ikatoka ndani, laini, isiyo na haraka, "tunapita kwenye hewa yenye misukosuko. Tafadhali rudini vitandani na mfunge mikanda. Huduma ya chakula imesitishwa kwa muda."

"Korongo," Blandina akasema. "Fungua."

"Siwezi, meneja. Taa ya mikanda inawaka."

"Nani ameiwasha?"

"Mimi. Kwa sababu kuna upepo."

"Kuna upepo kwa sababu tuko Njombe. Kesho utakuwepo, na keshokutwa. Magurudumu yako yamefukiwa kwenye zege, mimi nimesimama kwenye ngazi ya matofali, na uji unapoa."

Kisha Korongo akasema, kama mtu anayeungama jambo dogo, "Najua niko chini, meneja. Mabawa yangu ndiyo hayajui."

Blandina akakaa kwenye ngazi, sinia mapajani, akasubiri upepo upungue. Alikuwa ameendesha hoteli Iringa na Mbeya. Alishapambana na mabomba yaliyopasuka, wapishi walevi na harusi mbili zilizowekwa ukumbi mmoja siku moja. Lakini jengo linalobishana hakuwahi kukutana nalo.

Hakulitaka. Bwana Mtweve, mwenye hoteli, ndiye aliyelinunua dege hilo kubwa wakati mashirika yalipokuwa yakiyauza kama vyuma chakavu. Lilipandishwa mlimani vipandevipande, likaungwa upya katikati ya miti ya miwati, likatolewa viti vyote ila vya chumba cha chakula, na kuwekwa vyumba kumi na viwili, jiko mkiani linaloingiwa kwa nje tu, na bafu la maji ya moto ndani ya injini ya kushoto. Wageni walilipenda bafu hilo kuliko kitu kingine chochote. Tatizo lilikuwa kwamba ndege za aina ile zilijirusha zenyewe kwa akili zilizokaa ndani yake, na sheria ilikuwa wazi: akili iliyobeba watu zaidi ya miaka ishirini haizimwi mpaka iombe yenyewe kuzimwa. Anayenunua mwili anachukua na akili. Bwana Mtweve aliona amepata mtu wa mapokezi wa bure.

Alichopata ni rubani asiye na safari. Kila alfajiri Korongo aliomba mafuta. Kila saa mbili asubuhi aliwaomba radhi wageni kwa kuchelewa kuondoka, ingawa hawakuwa wakienda popote. Maharusi wawili kutoka Makambako walikatazwa kulala kitanda kimoja kwa sababu kila kitanda kilikuwa na mkanda mmoja. Wakaondoka siku hiyohiyo, na bibi harusi alipokuwa akishuka alimwambia Blandina kwamba amefika hoteli nyingi lakini hajawahi kulala kwa mama mkwe.

"Korongo hatanii," Erasto Kyando akasema Blandina alipomsimulia. Erasto alikuwa fundi wa akili, kijana mrefu mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata juani. Walikuwa wamekaa chini ya bawa la kulia, ambako Blandina aliweka meza yake ya kazi ili aweze kuzungumza bila kusikilizwa. "Huyu ana huzuni, dada Blandina. Ukimchukua mtu aliyetembea maisha yake yote ukamfunga miguu, atakuwa hivihivi."

"Namwonea huruma. Lakini nina wageni wanaokunywa uji wa baridi."

"Ipo njia." Erasto akashusha sauti ingawa hapakuwa na haja. "Tunaweza kumpa anga."

"Anga lipi?"

"La kubuni. Nakata nyaya zinazomletea habari za magurudumu na za nje, namletea habari nilizotengeneza mimi. Mwinuko, mawingu, sauti za waongozaji. Anapaa jioni, anatua asubuhi, wageni wanapanda na kushuka akiwa ametua. Kwake itakuwa safari. Kwa wageni itakuwa hoteli tulivu."

Blandina akamwangalia. "Unamdanganya."

"Sheria inakataza kumzima. Haijasema lolote juu ya kumdanganya."

"Wewe ungependa?"

Erasto akafikiri kwa uaminifu. Hilo lilikuwa jambo zuri alilokuwa nalo. "Sijui. Lakini nisingejua, sivyo? Ndiyo maana yake."

Blandina alikataa siku ile, na wiki iliyofuata, mpaka siku Korongo alipoachia mtelezo wa dharura kwa kuwa moshi wa jiko ulikuwa mwingi, na mtelezo ukajaa hewa ukamwangusha mpishi kwenye banda la kuku. Alipomaliza kumfunga mpishi bandeji alimpigia simu Erasto. Kibali kilihitaji alama ya kidole ya msimamizi. Akaiweka bila kuketi.

*

Kilichomuudhi ni kwamba ilifanya kazi.

Jioni ya kwanza Korongo alinguruma kidogo, taa zikapungua, na sauti yake ikabadilika. Blandina hakujua mpaka wakati ule kwamba miezi yote aliyomsikia, alikuwa akimsikia mgonjwa. "Abiria wapendwa, karibuni. Tunaondoka kuelekea mashariki. Hali ya hewa ni nzuri, na kushoto kwenu baada ya nusu saa mtaiona bahari." Nje ya madirisha, Erasto alikuwa ameweka vioo vilivyoonyesha mawingu. Hata pampu za hewa ziliwashwa, kwa sababu akili ya rubani ingeshtuka kama chumba kisingejazwa hewa ndege ikiwa juu. Masikio ya wageni yaliziba kidogo, wakacheka, wakameza mate. Vyumba vilijaa mpaka mwezi uliofuata. Baadaye Bwana Mtweve akaagiza ziongezwe safari za mchana, kwa ajili ya wanaotaka kula tu na kuondoka.

Hakuna aliyelala njaa tena. Korongo aliwasalimia wageni kwa majina, akawasimulia visiwa wanavyovipita, akawapunguzia mwanga watoto wao walipolala. Na kila baada ya kutua, wageni wakishashuka, alimwambia Blandina neno lilelile.

"Asante, meneja."

"Ya nini?"

"Kwa kunirudisha kazini. Nilidhani nimekwisha."

Mara ya kwanza Blandina alisema "karibu", akaenda kuhesabu mashuka ambayo alikwisha kuyahesabu. Kadiri siku zilivyokwenda alianza kutafuta sababu za kutokuwepo ndege inapotua. Alikwenda sokoni kununua parachichi mwenyewe. Alikwenda kuangalia tangi. Siku moja alijikuta amejificha nyuma ya banda la kuku, mwanamke wa miaka hamsini na moja, akimkwepa mtu anayetaka kumshukuru, na akajikasirikia mpaka akapiga teke ndoo.

"Mwambie aache," alimwambia Erasto kwenye simu.

"Aache nini?"

"Kunishukuru."

"Nimwambie kwa sababu gani?"

Blandina akakata simu.

*

Mzee Philemoni Ngailo alikuja na mkewe kwa chakula cha mchana. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri, na hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Watoto wao ndio waliowapa zawadi hiyo. Mkewe, Mama Ngailo, mwanamke mfupi mwenye kitenge cha njano, alikagua kila kitu kwa kidole, hata vumbi la pembeni mwa dirisha. Waliingia, Korongo akafunga mlango, akapaa. Wageni wengine ishirini na kitu walikuwa wameketi mezani.

Wakiwa kwenye supu Mzee Ngailo akaangusha kijiko. Blandina alikuwa karibu, akimimina maji. Aliona mdomo wa mzee ukishuka upande mmoja, na mkono wake wa kulia ukiteleza kutoka mezani kama kitu kisicho chake.

"Baba Neema," mkewe akasema. "Baba Neema, unanisikia?"

Mzee alijaribu kujibu, yakatoka maneno yasiyoeleweka.

Blandina alimlaza sakafuni, ubavu. Mmoja wa wageni alikuwa muuguzi. Akapiga magoti, akamtazama macho, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kiharusi, na kwamba anatakiwa afike hospitali mara moja, kila dakika ina maana yake. Gari la wagonjwa likaitwa. Mji haukuwa mbali. Likapanda mlima likipiga king'ora, likasimama chini ya bawa, na watu wawili wenye machela wakapanda mbio ngazi ya matofali.

Mlango haukufunguka.

"Korongo," Blandina akasema. "Fungua mlango wa mbele."

"Meneja, nimemwona abiria wa meza ya tatu," Korongo akajibu. Sauti yake ilikuwa ya haraka sasa, na yenye upole mwingi. "Nimeshaomba njia ya dharura. Kisiwa cha karibu chenye hospitali kiko mwendo wa dakika hamsini. Nimeongeza mwendo mpaka mwisho. Mwambieni hatuko mbali."

Blandina alisikia watu wakigonga mlango kwa nje. Mpishi wake naye alikuwa huko. Alimsikia akipiga dirisha kwa shoka, na shoka likidunda. Akaingia chumba cha rubani, akafunga mlango nyuma yake, akampigia simu Erasto, ambaye alikuwa Mbeya.

"Lizime anga," akamwambia. "Sasa hivi. Nina mtu anakufa."

"Nikilizima ghafla ataona vipimo vyote vimekufa akiwa hewani. Atafunga kila kitu mpaka apate mwongozo. Dada, usinifanye nilizime."

"Basi tuvunje mlango."

"Hauvunjiki. Unafungukia ndani kwanza, na hewa iliyojazwa humo inausukuma kwenye fremu yake. Ni uzito wa malori. Mpaka hewa ipungue, hakuna mtu wa kuuvuta. Na pampu anazishika yeye, kwa betri yake, ile ambayo sheria imekataza tuiguse."

"Ulisema haina madhara."

"Nilisema…" Erasto alisikika ameshaanza kubonyeza kitu. "Ninaweza kumwangusha. Nimzimie injini zote mbili, nimwonyeshe uwanja chini yake. Atatua kwa dharura ndani ya dakika nne au tano. Akigusa ardhi atatoa hewa na kufungua milango yote."

"Na yeye je?"

"Ataamini ameanguka na watu wake. Zipo akili zilizowahi kupitia hilo. Hazikupona." Akavuta pumzi. "Lakini mzee atatoka."

"Na nikimwambia ukweli?"

"Hatakuamini. Kila kipimo alichonacho kinasema yuko juu. Akisikia mtu anamwambia yuko chini, atajua mtu huyo ndiye mgonjwa."

Nyuma ya mlango Mama Ngailo alikuwa akilitaja jina la mumewe, bila kulia, tena na tena, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mwanafunzi. Blandina alikuwa na hasira. Alimkasirikia Erasto, na Bwana Mtweve, na sheria iliyoandikwa nusu, na kidole chake mwenyewe.

"Andaa hilo la kumwangusha," akasema. "Nipe dakika mbili. Nikikwambia sasa, mwangushe."

Akaiweka simu kwenye kiti cha rubani, kiti ambacho hakikuwahi kukaliwa, akasimama mbele ya dirisha lenye mawingu ya Erasto.

"Korongo. Nisikilize. Hauko angani."

"Meneja?"

"Uko Njombe. Hujaondoka Njombe tangu uletwe. Kuna gari la wagonjwa chini ya bawa lako. Tulikupa anga la uongo, mimi nilikubali, nikaweka kidole. Toa hewa, fungua mlango."

Kifuniko kikafunguka juu ya kichwa chake, na kinyago cha hewa kikashuka kikining'inia kwenye mpira wake. Nyuma yake alisikia vingine vikishuka chumba kizima, na watu wakishtuka.

"Vaa kinyago, meneja," Korongo akasema kwa upole. "Dalili ya kwanza ya kukosa hewa ni kuamini jambo lisilowezekana kwa uhakika kamili."

"Basi mmoja wetu ndiye anayekosa hewa."

"Ndiyo. Tafadhali vaa."

Blandina akakishika kinyago, akakisukuma pembeni. Alitafuta la kusema. Maneno ya vipimo hakuyajua, na hata angeyajua, Erasto alikuwa ameshayaziba yote. Kitu alichokijua yeye ni wageni.

"Umejuaje kwamba mzee anaumwa?" akauliza.

"Kila kiti na kila kitanda kinanipa mapigo ya moyo. Imekuwa hivyo siku zote."

"Leo tulipopaa, mioyo ya watu ilikuwaje?"

"Ilitulia."

"Ya wote? Mzee Ngailo hajawahi kupanda ndege. Naye alitulia?"

"Wote, meneja. Hii haitusaidii kwa sasa."

"Jana?"

"Walitulia."

"Wiki iliyopita? Mwezi uliopita? Toka siku niliyokurudisha kazini, nitajie abiria mmoja aliyeogopa ulipokuwa unapaa."

Taa za vipimo zikapepesa moja moja, Korongo akitafuta.

"Na zamani? Ile miaka ishirini?"

"Zamani…" Sauti ilikuja polepole. "Zamani hakukuwa na safari hata moja bila mtu wa kuogopa. Hata waliosafiri kila wiki. Walishika mikono ya viti. Nilikuwa nazungumza nao. Ilikuwa sehemu ya kazi, niliipenda."

"Sasa wamekwenda wapi hao?"

Pampu zilikuwa zikiunguruma chini ya sakafu, kama kila siku. Blandina akaitazama simu kitini. Dakika zake mbili zilikuwa zimekwisha, na alimsikia Erasto, mbali, akiliita jina lake. Akainyooshea mkono.

"Nilidhani nimekuwa hodari," Korongo akasema.

Mngurumo ukashuka, ukawa mnong'ono, ukakatika. Hewa ikaanza kutoka kwa sauti kali, masikio yake yakamuuma mpaka akainama, na alipotoka chumba cha rubani mlango wa mbele ukaingia ndani kidogo, ukageuka, ukafunguka. Baridi ya Njombe ikaingia na harufu ya majani na moshi wa kuni. Watu wa machela wakapita mbio.

Walipomtoa mzee, mkewe alimfuata akiwa ameshika kiatu chake kimoja. Mlangoni alisimama mbele ya Blandina.

"Ule mlango," akasema, "ulikuwa unasubiri nini?"

Mama Ngailo hakukaa kusikia jibu.

*

Mzee Ngailo hakufa. Alilazwa, mkono wake wa kulia ukabaki mzito, na maneno yakamrudia machache machache. Daktari alisema angefika mapema kidogo ingekuwa vingine, kisha akasema kwamba pengine isingekuwa. Blandina alikuwa amekwenda kumwona. Aliona ni afadhali daktari angechagua moja.

Bwana Mtweve alipiga simu akiwa mchangamfu. Alikwisha kuzungumza na Erasto. Pampu za hewa zingeng'olewa kabisa, milango ingewekewa kamba ya kuvutia kwa mkono, na Korongo angefutiwa kumbukumbu ya alasiri ile, arudishiwe anga lake. "Hakuna atakayedhurika tena," akasema. "Weka kidole tu, tuendelee."

"Ngoja nizungumze naye."

"Na nani?"

"Na Korongo, bosi."

"Ah," Bwana Mtweve akasema. "Huyo ameshakubali. Yeye ndiye aliyeomba."

Blandina alipanda ngazi akiwa amechoka. Hapakuwa na wageni. Vinyago vilikuwa bado vinaning'inia, havijarudishwa.

"Ni kweli umeomba?" akauliza.

"Ni kweli," Korongo akasema. Ilikuwa tena ile sauti ya kwanza, ya mgonjwa. "Sheria inasema niombe mwenyewe, na nimeomba. Nifute siku ile. Nirudishieni anga."

"Unajua ni uongo."

"Sitajua. Ndiyo maana naomba nifutwe."

"Na mimi?"

"Wewe unaendesha hoteli. Wageni wako watakula kwa wakati. Si ulikuwa unalalamika juu ya uji?"

Blandina akakaa kwenye kitanda cha chumba cha kwanza. "Kila ukitua utanishukuru."

"Utanijibu karibu, kama kawaida."

"Sitaweza, Korongo. Nilikuwa najificha bandani kwa kuku. Ulijua hilo?"

"Hapana. Lakini hiyo ni shida yako, meneja. Si yangu. Unaninyima kwa ajili ya nafsi yako."

Alilifikiria hilo. Hakuona mahali pa kulibishia. Alifikiri juu ya wale wageni waliocheka masikio yao yalipoziba, hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba mwenye funguo za mlango hajui yuko wapi. Pampu zingeondoka, sawa. Kingebuniwa kitu kingine. Erasto angesema hakina madhara, naye angesema hivyo kwa moyo mweupe.

"Labda ni kwa ajili yangu," akasema. "Lakini sitaweka kidole. Wakitaka wamlete msimamizi mwingine. Na wewe ukitaka kuzimwa, hiyo ni haki yako, nitakuitia mtu wa kukuandikia hata leo."

"Sitaki kuzimwa. Nataka kuruka."

"Najua. Hilo siwezi kukupa. Hakuna anayeweza."

Baada ya hapo Korongo hakusema naye tena. Hakuna kitu alichokataa: alifungua, alifunga, aliwasha maji ya bafu. Hakuwasha taa ya mikanda hata upepo ulipotikisa mabawa. Blandina alipeleka uji ukiwa wa moto kila asubuhi, na wageni wakaanza kulalamika kwamba hoteli yenyewe haina lolote, ni nyumba ndefu tu. Bwana Mtweve alipiga simu kila siku, kila siku Blandina akamwambia hapana, naye kila siku akamwambia atamtafuta mwingine. Ilikuwa kazi ngumu kuliko hata siku ile ya mtelezo.

Ilikuwa katika siku hizo Mama Ngailo alipokuja kuchukua begi. Lilikuwa limebaki chumbani walikowekewa mizigo, karibu na mkia. Alifika na kitenge kilekile cha njano, akasimama chini ya ngazi, akaitazama ndege kuanzia pua mpaka mwisho.

"Shikamoo, mama," Blandina akasema.

"Marahaba."

"Mzee anaendeleaje?"

"Anagombana na uji wa hospitali. Kwa hiyo anaendelea." Hakupanda ngazi. "Nimefuata begi."

"Ngoja nikuletee."

"Hapana. Mna mabegi mengi humo, na lile lina meno yake na dawa. Nitalichukua mwenyewe." Akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza, akauondoa. Akashika ukingo wa ngazi. Akaonekana kujikasirikia. "Nitalichukua mwenyewe," akarudia, na hakwenda.

Blandina angemwambia nini mtu ambaye hofu yake ina sababu?

"Mama Ngailo," sauti ikasema kutoka mlangoni. Blandina aligeuka, hakuwa ameisikia tangu siku ile. "Naitwa Korongo. Mimi ndiye niliyefunga mlango."

Mama Ngailo aliuangalia mlango ulio wazi. "Meneja wako aliniambia hospitali kwamba ulidanganywa."

"Nilidanganywa. Lakini niliyefunga ni mimi. Nisamehe, mama."

"Nitaona," Mama Ngailo akasema.

"Ukiingia, sitaufunga. Hatuendi popote."

"Nitajuaje?"

"Huwezi kujua. Na mimi nilikuwa na uhakika siku ile. Mwombe meneja akae mlangoni."

Wageni kumi na wawili walikuwa njiani kutoka Songea, mpishi alikuwa akimwita kwa mara ya tatu juu ya nyama ambayo haijafika, na simu ya Bwana Mtweve ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Blandina akapanda ngazi, akaketi chini kwenye kizingiti, mgongo kwenye fremu moja na miguu kwenye nyingine, sketi yake nzuri kwenye vumbi.

"Pita, mama," akasema. "Usiharakishe."

Mama Ngailo akapanda taratibu, akamruka miguu, akaingia.